Tawasifu Mezani: Ipi Ununue, Ipi Uazime, Ipi Uisikilize

Mnunuzi anayesimama mbele ya rafu ya tawasifu, iwe Nairobi au Dar es Salaam, hukutana na majalada ya aina moja: uso wa mwandishi, jina kwa herufi kubwa, na mgongoni sifa kutoka kwa watu wenye majina. Hayo hayamsaidii kuchagua. Vitabu vinavyopimwa hapa ni vya waandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o na Binyavanga Wainaina, mwanamazingira Wangari Maathai, mchekeshaji wa Afrika Kusini Trevor Noah, na marais wawili wa zamani wa Tanzania, Benjamin Mkapa na Ali Hassan Mwinyi. Kipimo ni kimoja. Mtu akisimulia maisha yake huchota kwenye akiba tatu: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia kwa wengine, na aliyokuja kuyajua baadaye kwa kusoma au kuambiwa. Mwandishi hodari humjulisha msomaji kila mara anachota wapi. Asiyeijua kazi humimina zote kwenye chungu kimoja, na hapo mtoto wa miaka saba huanza kuongea kama mhadhiri wa historia.

Ngũgĩ ndiye fundi wa jambo hili, kwa hiyo nafasi kubwa hapa ni yake. Kitabu cha kwanza, Dreams in a Time of War, kilitoka mwaka 2010 na kinashika utoto wake Limuru hadi siku anapoingia shule ya Alliance mwaka 1955. Kinafunguka siku moja ya Aprili 1954. Kijana anarudi nyumbani kwa miguu kutoka shuleni, tumbo tupu, anakuta watu wamekusanyika njiani wakimsimulia mtu aliyewaponyoka polisi chini ya mvua ya risasi. Anasikiliza, anavutiwa na kisa, anaendelea na safari. Akifika nyumbani ndipo anapojua kwamba mtu huyo ni kaka yake mwenyewe, na kwamba amekimbilia msituni. Mwandishi wa kawaida angeanza na jina la kaka, aeleze Mau Mau ni nini, kisha aingize risasi. Ngũgĩ anakuacha usikie kwanza habari kama alivyoisikia yeye, ikiwa hadithi ya barabarani ya mtu asiyemjua, halafu anakugeuzia.

Ufundi huo unaonekana tena kwa Ngandi, kijana wa pale kijijini aliyekuwa akiwasimulia wenzake mambo ya dunia. Kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria inamfikia Ngũgĩ kupitia mdomo wa Ngandi, mchanganyiko wa magazeti, uvumi na chumvi. Ngũgĩ haisahihishi kwa kalamu ya profesa. Anakwambia wazi kwamba hii ni kesi ya Ngandi, kisha anaacha chumvi ibaki ndani, kwa sababu watu wa Limuru waliishi na kesi ya namna hiyo. Ukitaka kesi yenyewe, tafuta kitabu cha sheria. Hapa unapata jinsi taarifa ilivyotembea mwaka 1952 na 1953 katika eneo lenye amri ya hali ya hatari, na ni vigumu kuipata kwingine kwa uhai wa namna hii.

Kuna pia habari ya shamba la baba yake, na sehemu hii isomwe polepole. Baba alinunua ardhi kwa taratibu za jadi, mbele ya mashahidi, kwa maneno ya mdomo. Mwingine akanunua ardhi ileile akiwa na karatasi. Mahakama ya kikoloni ikaitambua karatasi. Kwa kurasa chache tu msomaji anaelewa kwa nini boma lenye wake wanne na watoto 24 lilianza kuyumba, kwa nini baba alibadilika, na kwa nini mwishowe mama, mke wa tatu, aliondoka, na wanawe wakamfuata baadaye. Hakuna sura yenye kichwa cha habari juu ya uporaji wa ardhi. Uporaji umekaa ndani ya ugomvi wa nyumba moja.

Kasoro ipo, nayo ni ya majina. Ndugu wa kambo, mashangazi, walimu na majirani wanamiminika katika robo ya kwanza, na wengine hurudi baada ya kurasa mia moja bila kujitambulisha upya. Dawa yake ni rahisi: chukua karatasi nusu, chora nyumba nne za mama wanne, na kila jina linapojitokeza liandike chini ya nyumba yake. Ukifika katikati ya kitabu hutaihitaji tena. Nakala zilizoskaniwa kiholela na kuzungushwa kwenye simu zinaongeza tatizo, kwa sababu herufi ĩ na ũ za Kigĩkũyũ husomwa vibaya na mashine na kugeuka alama za ajabu. Jina moja linaweza kuonekana kwa sura tatu, ukadhani ni watu watatu. Mbali na wizi wenyewe, hiyo inatosha kumfanya mtu anunue nakala halali, ya karatasi au ya kielektroniki.

Kitabu cha pili, In the House of the Interpreter cha mwaka 2012, kinamfuata Alliance, shule ya bweni ya mwalimu mkuu Edward Carey Francis. Mwanzo wake ni mkali kuliko wa kwanza: kijana anarudi likizo baada ya muhula, amevaa sare, na kijiji hakipo. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kipya cha kulazimishwa. Anasimama na sanduku lake bila kujua aelekee wapi. Kuanzia hapo kitabu kinakwenda kati ya ulimwengu miwili, ua wa shule wenye kengele na sala, na nje ya ua ambako mtu huishi kwa kibali. Carey Francis amechorwa kwa haki; hakufanywa shetani wala mtakatifu, jambo gumu kwa mwandishi aliyetumia maisha yake kuipinga elimu ya kikoloni. Mwisho wa kitabu, ambapo kijana aliyemaliza shule anakamatwa na polisi akiwa safarini ndani ya basi na kujikuta rumande kisha kizimbani, ni simulizi bora ya mahakama ndogo ya kikoloni: nani anasema, nani anaruhusiwa kuuliza, na nini hutokea mshitakiwa anapojua Kiingereza kuliko ilivyotarajiwa.

Cha tatu, Birth of a Dream Weaver cha mwaka 2016, kinahusu Makerere, na hapa mshono unalegea. Sababu haijifichi. Miaka ya Makerere ilikuwa na nyaraka: majarida ya wanafunzi, programu za tamthilia, mkutano wa waandishi wa Afrika wa Juni 1962, igizo la The Black Hermit lililopanda jukwaa la Kampala mwaka huohuo. Ngũgĩ ana karatasi nyingi, na karatasi zinamshinda nguvu. Kurasa nzima zinaeleza historia ya ukoloni kwa sauti ya baadaye, mwanafunzi wa miaka ya ishirini na kitu akiwa amesukumwa pembeni. Anayejali fasihi ya Afrika Mashariki atakipenda kwa ajili ya mkutano na igizo hilo. Msomaji wa kawaida anunue viwili vya kwanza, cha tatu akiazime.

Watu huuliza kuhusu kile cha gerezani. Wrestling with the Devil cha mwaka 2018 ni toleo lililofanyiwa kazi upya la Detained cha mwaka 1981, kuhusu kizuizi cha Kamiti kati ya mwisho wa 1977 na Desemba 1978, alipoandika riwaya ya Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni. Mwenye Detained asilipie tena akidhani ni kisa kipya. Anayeanza achukue la 2018, ni jembamba na halina mijadala mirefu ya kisiasa iliyolemea la zamani. Na ndiyo, mtetezi mkubwa kuliko wote wa kuandika kwa lugha za mama aliuandika utoto wake kwa Kiingereza. Msomaji ana haki ya kukereka.

Wangari Maathai ana mfano mmoja mzuri wa akiba tatu, na uko mwanzoni kabisa mwa Unbowed, kitabu cha mwaka 2006. Kule Ihithe, Nyeri, alikozaliwa mwaka 1940, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Hayo aliyasikia. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na ndani yake mayai ya vyura yaliyong'aa kama shanga. Akayainua ayavae shingoni, yakamponyoka vidoleni. Hayo aliyaona. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwanasayansi, anaeleza kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba na kufungulia maji ya chini njia ya kutoka juu, na kwamba mti ulipokatwa kijito nacho kilikauka. Hayo aliyajua baadaye. Vyote vimekaa katika kurasa chache, kila kimoja na mlango wake. Mwalimu wa uandishi akitaka mfano wa kuchambua na wanafunzi, achukue kurasa hizo.

Nguvu ya kitabu inapungua pale shirika linapoingia. Harakati ya Ukanda wa Kijani iliyoanza mwaka 1977 ina wafadhili, semina, miche na takwimu, na sura za katikati zinasomeka mara kwa mara kama ripoti kwa mfadhili. Usizikimbie zote lakini. Mapambano ya mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa kwenye bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mgomo wa njaa wa akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, na shambulio dhidi yake katika msitu wa Karura mwaka 1999, alipotia sahihi taarifa ya polisi kwa damu ya kichwa chake, yameandikwa kwa mkono wa aliyekuwepo. Sehemu ya talaka nayo isirukwe: anaeleza jinsi kauli yake kuhusu hakimu ilivyompeleka jela, na jinsi alivyoongeza herufi moja kwenye jina la mumewe likawa lake. Mbinu ya kusoma kitabu hiki ni kutazama aya inaanza na nini. Ikianza na mahali na watu, soma kila neno. Ikianza na mwaka na jina la taasisi, macho yapite haraka.

Wainaina yeye alikataa kabisa akiba ya tatu, ile ya yaliyojulikana baadaye. One Day I Will Write About This Place, kilichotoka mwaka 2011, kimeandikwa kwa wakati uliopo toka mwanzo. Kinafunguka na mpira nyuma ya nyumba Nakuru, karibu na kamba ya nguo: yeye golini, ana miaka saba, kaka yake kumi na mmoja, dada yake mitano na nusu. Jua, maneno na kelele vinamwingia mtoto vyote kwa pamoja, naye hana kichujio. Sentensi zinavunjika, zinarudia, zinatunga maneno. Lugha asizozielewa na milio ya kodiani anaviweka katika neno lake mwenyewe, kimay, na neno hilo linatembea naye hadi ukubwani. Msomaji aliyezoea tarehe na vyeo atapotea, na wengi hukiacha kabla ya ukurasa wa hamsini. Ushauri: usikisome kitandani kwa vipande vya dakika kumi. Kinataka kikao kimoja cha saa moja na nusu mwanzoni, hadi sikio likubali mdundo, halafu kinakwenda chenyewe. Kwa sauti ya kichwani ya msomaji kinapendeza kuliko kwa masikio, kwa kuwa sentensi nyingine zinahitaji kusomwa mara mbili.

Faida ya wakati uliopo inaonekana Transkei, Afrika Kusini, alikokwenda kusoma chuo. Anaacha kuhudhuria masomo, anajifungia chumbani na vitabu. Mwandishi mwingine angetupa utambuzi wa daktari, au sababu, au funzo. Hapa hakuna sababu, maana aliyemo chumbani haijui. Safari ya Kisoro, Uganda, kwenye mkusanyiko wa ukoo wa mama yake, inatokana na maandishi yaliyompa tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2002, na bado ndiyo sehemu inayoshikika kwa urahisi zaidi. Anayetaka kukijaribu kitabu kabla ya kukinunua aanze hapo.

Hasara yake ni kwamba kisichosemwa hakionekani. Januari 2014 Wainaina alichapisha mtandaoni maandishi aliyoyaita sura iliyopotea ya kitabu hiki, akijitangaza shoga kwa kumsimulia mama yake kitandani hospitalini, jambo ambalo katika maisha halikutokea kwa sababu hakufika kabla mama hajafa. Msomaji yeyote, na msimamo wowote alionao, atasoma kitabu cha 2011 tofauti baada ya maandishi hayo. Yasomwe baada ya kitabu, yasisomwe kabla. Yakitangulia, utakuwa unatafuta dalili katika kila ukurasa na kukosa Nakuru nzima.

Trevor Noah alilitatua tatizo la akiba ya tatu kwa njia ya kifundi: aliitenga. Katika Born a Crime cha mwaka 2016, kabla ya sura kuna kipande kifupi cha maelezo kuhusu sheria, makabila, lugha au mitaa ya Afrika Kusini, na baada ya hapo sura yenyewe inakuwa huru kucheza. Kitabu kinatanguliwa na sheria ya mwaka 1927 iliyokataza Mzungu na Mwafrika kukutana kimwili, hadi miaka mitano jela kwa mwanamume na minne kwa mwanamke. Mama Mxhosa, baba Mswisi, mtoto kazaliwa 1984. Hesabu imekamilika, jina la kitabu limeeleweka, na mwandishi hahitaji tena kusimamisha kisa ili akufundishe. Sura ya kwanza inaweza basi kuwa juu ya Jumapili ya makanisa matatu, gari bovu, na mama anayemsukuma mwanawe nje ya teksi inayokwenda ili kumwokoa.

Hiki kisikilizwe. Kinasomwa na mwenyewe kwa karibu saa tisa, na lugha za Kusini zilizo kwenye karatasi kama maneno ya herufi za mlalo zinapata koo na ulimi. Sauti ya mama pekee inastahili bei. Tahadhari mbili tu. Ya kwanza, vile vipande vya maelezo ni rahisi kuvipita kwa sikio bila kugundua umetoka kwenye kisa, hivyo ni vizuri kutosikiliza kwenye foleni ya magari unapobanwa na honi. Ya pili, usiongeze kasi. Mchekeshaji huyu anafanya kazi kwa kunyamaza, na ukisikiliza kwa kasi ya moja na nusu unakata ule ukimya unaobeba kichekesho. Kwa shule, lipo toleo la vijana la mwaka 2019, lililopunguzwa ukali wa maneno. Mwalimu aangalie jalada kabla ya kuagiza nakala arobaini, majina yanakaribiana.

Kasoro ya Noah ni utamu wenyewe. Karibu kila sura inaishia kwenye pigo lililopangwa vizuri, na baada ya sura kumi sikio linaanza kulisubiri. Mambo mazito, likiwemo la mama yake kupigwa risasi, yanabebwa na ustadi huohuo wa jukwaani. Kwa msomaji mmoja huo ni ushujaa. Mwingine atahisi pazia limeshushwa pale alipotaka kuona.

Tunafika kwa viongozi, ambako mnunuzi Mtanzania hupoteza hela nyingi zaidi. My Life, My Purpose cha Mkapa kilizinduliwa Novemba 2019, siku ya kutimiza miaka 81, miezi minane kabla ya kifo chake. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Mwinyi kilizinduliwa Mei 2021, naye akitimiza 96. Vyote vimetoka Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Tofauti ya kwanza ni lugha: cha Mwinyi ni cha Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyelelewa Mangapwani, Unguja, akafundishwa dini na kusomesha watoto kabla ya siasa kumchukua. Kuna maneno na miungano ya sentensi mle ambayo mhariri wa ofisini asingeweza kuyatunga. Kwa hilo tu, anayeandika kwa Kiswahili anacho cha kujifunza.

Tawasifu za viongozi zina ugonjwa wake unaojulikana. Utoto huwa mtamu: kutoka Lupaso kwa Mkapa, au kutoka Kivure hadi Unguja kwa Mwinyi, unaona njaa, shule, mwalimu, viatu. Mwandishi akipata cheo, macho yanafumba na majalada ya ofisi yanafunguka. Kuna sababu tatu. Watu wa utotoni wamekufa na hawawezi kushitaki wala kununa, ilhali waziri mwenzake bado anakutana naye msikitini, kanisani au msibani. Pili, kumbukumbu za ofisi zimehifadhiwa kwa hotuba na mihtasari ya vikao, kwa hiyo anayezirejea huandika kwa lugha ya kikao. Tatu ni namna ya kutengeneza kitabu. Viongozi wengi duniani huandikiwa au husaidiwa: msaidizi hurekodi mahojiano, na maswali hufuata orodha ya vyeo. Majibu yakipangwa kama maswali yalivyokuja, sura zinabeba majina ya vyeo, na maisha yanakuwa barua ya maombi ya kazi yenye kurasa mia tatu.

Kwa hiyo kitabu cha kiongozi kisipimwe kwa sura ya utoto. Kipimwe kwa tukio baya. Kwa Mkapa, tafuta Januari 2001, vifo vya waandamanaji Zanzibar, hasa Pemba. Anakiri kwamba limebaki doa katika urais wake. Kukiri huko kulikuwa habari kubwa kitabu kilipotoka, na kwa tawasifu ya rais ni jambo la kuheshimiwa. Msomaji mkali ataona lakini kwamba kukiri na kusimulia ni kazi mbili. Doa linatajwa; chumba alimokuwa, simu iliyopigwa, nani alisema nini, ni vitu ambavyo bado unavitamani ukifunga kitabu. Upande wa uandishi wa habari, aliokuwa nao kabla ya uwaziri, ni hai zaidi, pengine kwa sababu pale alikuwa shahidi kwa kazi yake.

Kwa Mwinyi, tafuta kujiuzulu kwake uwaziri wa mambo ya ndani katika miaka ya 1970, baada ya raia kufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Hakuwapo, hakuamuru, akabeba dhamana. Tukio hilo lilimjenga, kwa hiyo si mtihani mgumu kama wa Mkapa. Mtihani mgumu zaidi kwake ni miaka ya 1985 hadi 1995: milango ya biashara kufunguliwa, Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililolegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, na kivuli cha Mwalimu Nyerere nyuma ya kiti. Soma sehemu hizo ukiwa na penseli. Weka alama kila anaposema "mimi niliamua" na alama nyingine kila anaposema "iliamuliwa". Uwiano wa alama hizo mbili utakueleza mengi kuliko dibaji yoyote. Penseli hiyohiyo inafanya kazi kwa Mkapa, na kwa Kiingereza kitenzi kisicho na mtendaji kinajificha vizuri zaidi.

Nikiulizwa nichague kimoja kati ya hivi viwili, nasema Mwinyi kwa lugha, Mkapa kwa hoja. Vikisomwa mfululizo, Mwinyi kwanza, faida inaongezeka: unaona nchi ileile ikikabidhiwa, na unaona mambo ambayo kila mmoja ameyapa aya moja huku mwenzake akiyapa kurasa.

Dukani, dakika kumi na tano zinatosha kuijaribu tawasifu yoyote. Anza nyuma, kwenye shukrani. Hapo ndipo msaidizi wa uandishi hutajwa kwa lugha ya upole, "aliyenisaidia kuyapanga mawazo yangu". Kuwa na msaidizi si kosa, lakini ukimjua utaelewa kwa nini sentensi zote zina urefu mmoja. Kisha utangulizi. Barack Obama, katika utangulizi wa Dreams from My Father cha mwaka 1995, aliwaambia wasomaji mapema kwamba baadhi ya wahusika ameunganisha watu kadhaa, mazungumzo ni ya kukadiria, na matukio mengine hayafuati mpangilio wa tarehe. Onyo la aina hiyo huongeza imani. Lisipokuwepo, na ukafungua kitabu kati ukakuta mazungumzo ya mwaka 1950 yamenukuliwa neno kwa neno kurasa mbili mfululizo, kirudishe rafuni.

Baada ya hapo nenda kwenye faharasa, tafuta tukio moja baya unalolijua kuhusu mtu huyo, fungua ukurasa huo na usome aya tatu. Kama faharasa hakuna, pitia yaliyomo ukitafuta pengo la miaka. Tawasifu inayoruka kutoka 1982 hadi 1986 bila neno ina jambo la 1984. Malizia na picha: maelezo chini yake yataje jina, mahali na mwaka. "Nikiwa na viongozi wenzangu" ni dalili ya mwandishi aliyechoka au mchapishaji aliyeharakisha, na mara nyingi uharaka huo umeingia na kwenye maandishi. Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati na kiegemeze wazi kwa nguvu kiasi: chenye gundi hafifu kitalia mgongoni, na kwenye joto la pwani kurasa za picha, zilizo nzito kuliko nyingine, ndizo hung'oka kwanza. Nakala ya kielektroniki haina tabu ya gundi, ila picha zake hukusanywa mwisho au kupunguzwa ukubwa. Kwa kitabu kama cha Maathai si hasara kubwa, kwa cha rais ambaye nusu ya ushahidi wake uko kwenye picha, nunua karatasi.